Tabibu wa Shemeji

Keko kuna vita, na serikali haina habari. Kila alasiri, mafundi wakishajipangusa vumbi la mbao, wanaume wazima wenye watoto shuleni huingia katika chumba kilicho nyuma ya duka la Usama, huvaa hedifoni, hushika pedi na kuanza kuuana. Wakichoka kuuana hunywa soda na kulaumiana, kisha huuana tena. Nje, makochi ambayo wateja waliahidiwa tangu wiki iliyopita yamepangwa kando ya barabara, hayana miguu, yakisubiri amani ipatikane.

Usama ni mtu wa heshima. Babu yake alitoka Hadhramaut akaja kuuza misumari na bawaba katika duka hilohilo. Baba yake akaongeza vanishi na gundi. Usama naye, kwa kuwa kila kizazi hakina budi kuendeleza kilichoachiwa, akatoa magunia ya misumari stoo na kuweka kompyuta. Wateja ni walewale mafundi. Zamani waliingia humo kununua vifaa vya kazi, siku hizi huingia kuikimbia kazi.

Mmoja wao ni Marselino, na habari hii ni yake.

Marselino ni mzaliwa wa Ndanda, upande wa Masasi, ukoo wa wachongaji. Alikuja Dar kwa mjomba wake akiwa na patasi zake na nia ya kuchonga vinyago. Mji ukamwelimisha upesi. Watu wa hapa hawataki kinyago sebuleni, wanataka kitanda chenye maua kichwani, maua ambayo hayajaota popote duniani, na juu ya maua wanataka taji la mfalme, ingawa wanalala chumba kimoja na jiko. Basi Marselino ndiye anayewachongea maua na mataji. Mkono wake ni safi na hajawahi kumpa mteja mbao mbichi akamwambia zimekauka, jambo ambalo pale Keko linatosha kumfanya mtu aonekane mgonjwa. Hanywi pombe, kanisani anakwenda. Kasoro zake zilikuwa mbili: gemu, na hofu ya kumuudhi mtu yeyote aliye hai.

Gemu yenyewe ina jina la kigeni ambalo hakuna pale anayelitamka sawasawa, kwa hiyo wanaiita Daraja. Timu mbili, watano kwa watano, zinagombea daraja. Muda ukiisha, timu iliyosimama juu ya daraja ndiyo iliyoshinda. Kuua watu wengi si kushinda. Unaweza kuua kijiji kizima na bado ukapigwa, kama daraja liko kwa wenzako. Maneno haya huandikwa kwenye kioo kila mchezo unapoanza, kwa herufi kubwa, na wachezaji huyapita kwa kidole kama watu wanavyopita masharti ya mkopo.

Kabla ya kuanza, kila mmoja huchagua kazi. Kuna mbeba ngao, anayetangulia na kupokea risasi zilizokusudiwa watu wote. Kuna tabibu, mwenye mkoba wa dawa na bastola isiyoweza kuua kuku. Kuna fundi mitambo wa kujenga vizuizi. Kuna mshambuliaji, mwenye bunduki kubwa na sifa zote. Na kuna mdunguaji, anayelala kilimani na bunduki ya darubini, mbali na kila usumbufu. Waliotunga mchezo walizipima kazi hizi kama mpishi anavyopima viungo vya pilau. Tabibu akikosekana, ngao inapasuka. Ngao ikipasuka, mshambuliaji anabaki uchi darajani na bunduki yake kubwa. Mtoto wa darasa la nne anaelewa.

Bahati mbaya kule hawaingii watoto wa darasa la nne, wanaingia wanaume. Siku za mwanzo wote watano walichagua bunduki kubwa. Wakakimbia kila mtu na njia yake, wakafa kila mtu na kifo chake, halafu wakaulizana kwa uchungu kwa nini timu haina tabibu. Ndivyo tulivyo. Kamati ya harusi ina wenyeviti watatu, makamu na mshauri, lakini siku ya kuosha masufuria simu zao zote zimeisha chaji.

Baada ya vipigo vingi timu ikajipanga, kama kule kunaweza kuitwa kujipanga. Benjamin, fundi wa kupaka vanishi, alibaki mshambuliaji kwa sababu alikataa katakata kuwa kitu kingine. Yeye akimaliza mchezo huuliza jambo moja tu, ameua wangapi. Usama alichukua ufundi mitambo, kwa kuwa chumba ni chake na alipenda kuona ukuta ukisimama mahali. Mbeba ngao alikuwa Flaviana.

Flaviana ana cherehani mkabala na duka hilo, anashona vitambaa vya makochi. Siku ya kwanza aliingia mle kumfuata fundi aliyeondoka na futi kamba yake. Akakuta kiti kimoja kitupu. Wanaume wanne walikuwa wamekaa wakisubiri ajitokeze mtu wa kufa kwanza. Flaviana akakaa, akashika ngao, na tangu siku hiyo hakuna aliyewahi kumwambia, "Dada, leo pumzika, nibebe mie."

Kilimani alilala kaka yake, Kasimiri. Huyu ni mlinzi wa ghala. Kampuni imempa kirungu, filimbi na koti la mvua, lakini akizungumzia silaha utadhani alizivumbua. Alichukua udunguaji kwa hoja kwamba mkubwa hakai mbele. Tangu auchukue alikuwa amedungua mapipa, mnara wa maji na, mara moja, mgongo wa dada yake. Adui alikuwa bado hajamdungua hata mmoja.

Sasa Marselino alimpenda Flaviana, na kwa mara moja hapa sina kejeli, maana alichagua vizuri. Baba yao Flaviana alifariki zamani kule kwao Peramiho, na kaka mkubwa akasimama mahali pa baba. Mama yao, Genoveva, anakaa nao Keko Mwanga. Baada ya Pasaka Marselino akamtuma mjomba wake kuwa mshenga, posa ikafikishwa. Kasimiri akajibu kama waziri.

"Tumeipokea. Tunaangalia tabia. Jibu mtalipata Jumapili ya mwisho wa mwezi."

Tabia! Mtu mwingine angedhani tabia yake ilishaonekana katika miaka yote aliyochonga mbele ya macho yao. Marselino alielewa vingine. Yeye ndiye aliyekuwa mpigaji mzuri kuliko wote pale kwa Usama, akakabidhi bunduki yake na kuomba mkoba wa tabibu. Ningemsifu kwa moyo wote, maana ni wachache wanaoacha sifa ili wafanye kazi inayohitajika. Ila Marselino hakuwa tabibu wa timu. Alikuwa tabibu wa Kasimiri.

"Shikamoo, kaka," alimwamkia kila alasiri, ingawa yeye ndiye mkubwa kwa umri.

"Marahaba, kijana," aliitikia Kasimiri bila haya. "Mkoba umejaa?"

"Umejaa, kaka."

"Basi kaa karibu. Hawa watu wananiwinda sana."

Hakuna aliyemwinda. Mchezo ukianza, wawili hao walilala kilimani, mmoja akipiga mapipa na mwingine akimpaka dawa, na kule darajani sauti ya Flaviana ikasikika kwenye hedifoni.

"Tabibu! Tabibu jamani, ngao inapasuka huku!"

"Nakuja, Flaviana. Namalizia kwa kaka."

"Kaka ana nini?"

"Amekwaruzwa."

"Mie nakufa, yeye amekwaruzwa!"

"Flaviana," alisema Kasimiri kwa sauti ya baba, "usimpangie tabibu kazi."

Flaviana akafa, daraja likaenda, na kutoka pembeni Benjamin akashangilia, "Mie nimeua saba!"

"Kazikwe nao," alimjibu Flaviana.

Ikawa hivyo alasiri baada ya alasiri. Timu ilipigwa na Tandika, ikapigwa na Mtoni, ikapigwa hata na vijana wa Kigamboni ambao mtandao wao hukatika kila wingu likipita. Nyumbani, Kasimiri alimwambia mama yake kwamba yule mchongaji ana adabu sana. Adabu ilikuwapo kweli. Timu ndiyo haikuwapo.

Ndipo Edgar, muuza simu wa Kinondoni, alipoleta ujumbe kwamba timu yake itakuja Keko yenyewe, ana kwa ana, Jumapili ya mwisho wa mwezi. "Nyie mnajua kutengeneza viti," alisema kwenye simu ya Usama, sauti ikiwa imefunguliwa watu wote wasikie, "tunakuja kuwakalisha." Jumapili hiyo ndiyo ile ya jibu la posa.

Kasimiri alimwita Marselino kando. "Jumapili usinitoke ubavuni. Nikifa mbele ya watu wa Kinondoni, mie sijui ukoo utasemaje kuhusu lile suala letu."

"Sitatoka, kaka."

Siku iliyofuata Marselino alipita kwa Flaviana, akamkuta ana misumari midogo midomoni, anagongelea kitambaa kwenye kochi. Aliitoa mmojammoja kabla ya kusema.

"Marselino, unataka kumwoa kaka yangu?"

"Flaviana, maneno gani hayo?"

"Nauliza. Maana unayemtunza ni yeye. Sasa tuseme tumeoana. Nyumba inaungua, mie nimo ndani, kaka yuko nje anakohoa moshi. Unaanza na nani?"

Marselino akafikiri.

"Umeona?" alisema Flaviana. "Unafikiri."

"Nafikiri kwa sababu yule ndiye anayetoa jibu."

"Atatoa jibu lake. Langu hujawahi kuliuliza. Basi nisikilize: Jumapili nitakuwa darajani. Ukiniacha nife tena ili umpake kaka dawa ya mikwaruzo, hata akubali posa na ukoo mzima, mie hutaniona. Anayeolewa si yeye."

Akarudisha misumari midomoni, maana yake mazungumzo yameisha.

Basi Marselino akawa na vitisho viwili, na mtu mwenye tabia yake hufanya nini? Hujaribu kuwaridhisha wote. Jumapili, baada ya ibada, watu wa Kinondoni walifika wamevaa fulana za rangi moja. Walianza na mchezo wa kujipasha moto, usiohesabiwa, na Marselino akautumia kupima hekima yake. Alipaka dawa kilimani, akakimbilia darajani, akasikia Kasimiri anakohoa, akageuka, akasikia Flaviana anaita, akageuka tena. Edgar alimkuta katikati ya uwanja mtupu, akizunguka na mkoba wake kama mgeni aliyepotea stendi, akampiga risasi moja. Kasimiri na Flaviana walikufa muda mfupi baadaye, kila mmoja akimlaani kwa sababu yake.

"Huyu daktari wenu yuko zamu au likizo?" aliuliza Edgar, na Kinondoni nzima ikacheka.

Flaviana alirekebisha hedifoni yake. Mchezo wenyewe ukaanza.

Nitasema ukweli, kwa muda fulani Keko ilifanana na timu. Usama alijenga ukuta mahali panapotakiwa. Flaviana alisimama katikati ya daraja na ngao yake, na hata Benjamin alikaa karibu naye, mpaka alipomwona adui mmoja anapita kwa mbali, akamfuata hadi mtoni na kumwacha mwenzake peke yake. Alitaka kufikisha idadi.

Marselino alikuwa kwenye njia inayotenganisha kilima na daraja. Dakika za mwisho ndipo Kasimiri alipopiga pipa. Pipa lililia, moshi ukapanda, na Kinondoni ikajua mdunguaji amelala wapi. Watatu wao, Edgar mbele, wakaanza kupanda kilima.

"Kijana! Wananijia!"

Marselino alisimama.

"Fundi! Marselino! Hawa hapa!"

Bado alisimama.

"Shemeji!" alipiga kelele Kasimiri. "Shemeji yangu, nakufa!"

Chumba kizima kilisikia. Tangu posa ifikishwe, Marselino alikuwa akilisubiri neno hilo kwa shikamoo za kila siku na mikoba mitupu. Lilikuwa halijamtoka Kasimiri hata kwa bahati mbaya. Sasa limetoka, mbele ya mashahidi wa wilaya mbili, na alichotakiwa kufanya ni kupanda kilima tu.

Upande wa pili Flaviana hakuita safari hii. Kwenye kioo ngao yake ilikuwa imejaa nyufa, wawili wa Kinondoni wakiipiga bila kupumzika, naye amepiga goti nyuma yake.

"Nisamehe, kaka," alisema Marselino, akakimbilia darajani.

Alifungua mkoba wote. Flaviana akasimama, akasukuma ngao mbele, na wale wawili waliodhani kazi imekwisha wakarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka wakatoka darajani na kugota kwenye ukuta wa Usama. Kilimani Kasimiri aliuawa na watu watatu kwa pamoja, heshima ambayo kwa upigaji wake hakuistahili. Wauaji wakashangilia kidogo, wakakumbuka daraja, wakaanza kushuka mbio. Muda ukawaishia njiani.

Keko ilishinda. Usama alikumbatia kompyuta. Benjamin alitokea mtoni akiuliza ameua wangapi.

Kasimiri alivua hedifoni polepole, kama avuaye kofia msibani.

"Umeniacha."

"Nimekuacha, kaka."

"Nimekuita shemeji, ukaniacha nife mbele ya watu. Mwambie mjomba wako asijisumbue kuja jioni."

Alikuwa ameshafika mlangoni Edgar aliposema, akitikisa kichwa, "Mnyonge mnyongeni. Yule mdunguaji wenu ndiye katumaliza. Tumepanda watatu wazima kumfuata, kumbe chambo! Nani alitunga hiyo?"

Kasimiri alisimama. Akageuka. Akarudi na kukaa.

"Ni mbinu," alisema. "Za kijeshi. Huwezi kuzielewa."

Kufikia saa ya posa alikuwa ameshaiamini. Mjomba na Marselino walikaribishwa, Mama Genoveva akakaa kwenye mkeka wake akichambua mchele, na Kasimiri akausimulia ushindi wa Keko kwa mikono yote miwili: jinsi alivyoona hatari, jinsi alivyojitoa, jinsi alivyowavuta maadui kilimani kwa makusudi ili daraja lipone.

"Nikamwamuru huyu kijana: niache, nenda darajani! Naye akatii. Hiyo ndiyo tabia ninayoitaka. Si ndivyo, shemeji?"

Neno lilikuwa limekuja tena, la bure, halidai dawa wala mbio. Mjomba aliitikia kwa kichwa kwa niaba ya ukoo. Kilichobaki ni Marselino kusema "ndivyo", neno dogo ambalo watu wengi tunaowaheshimu wamejengea maisha yao yote. Flaviana alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai.

"Hapana, kaka," alisema Marselino. "Hukuniamuru. Uliniita nije, nikakuacha. Na siku nyingine ukiniita vile, yeye akiwa darajani, nitakuacha tena."

Mjomba alimkanyaga mguu, akiwa amechelewa sana. Kasimiri alitazama dari. Safari hii hakukuwapo adui wa kumtungia maneno. Mama Genoveva ndiye aliyeinua uso kutoka kwenye ungo.

"Huko darajani alikuwapo nani?"

"Mie, mama," alisema Flaviana.

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Huyu akaja?"

"Alikuja."

"Na kaka yako alikuwa wapi?"

"Kilimani. Amelala."

Mama alipuliza makapi. "Amelala mchana, wakati dada yake anapigana? Sasa Kasimiri, kosa la huyu mtu ni lipi? Hakukufuata ulikolala?"

"Mama, hiyo ni gemu, wewe huelewi. Mdunguaji kazi yake ni kulala."

"Sielewi, ndiyo maana nauliza. Ulisema unaangalia tabia. Umeiona au hujaiona?"

Kasimiri alimtazama mjomba, akaitazama sakafu. "Nimeiona."

"Basi sema, mchele huu haujichambui."

"Posa imekubaliwa," alisema Kasimiri, kwa sauti ya mlinzi anayepokea mzigo uliovunjika.

"Na wewe?" mama alimgeukia binti yake.

"Nilikuwa sijaamua," alisema Flaviana. "Kuja darajani alikuja, lakini nikajiambia, labda ameogopa maneno yangu, kama alivyokuwa akiogopa ya kaka. Sasa hapa alikuwa hana haja ya kusema, na amesema. Nimekubali."

Kisha akaingia na sinia. Alimpa chai mjomba, akampa mama yake, akampa Marselino. Kasimiri alinyoosha mkono, akaambiwa asubiri, vikombe vimepungua, kimoja kinaoshwa.